Fundi Ndiye Abiria wa Kwanza

Taa nyekundu ya mafuta ya injini iliwaka tena karibu na soko la Buyenzi, gari likiwa limesimama kupisha mikokoteni, na Massoudi akafanya lile alilokuwa akilifanya tangu mvua zilipokatika. Akagusa pedali kidogo, injini ikapandisha sauti, taa ikazima. Kisha akainua macho kwenye kioo kuona ni abiria gani aliyeiona.

Hakuna aliyeiona. Watu wanaokaa nyuma ya dereva hawatazami taa. Hutazama shingo ya dereva, na shingo ikitulia nao hutulia. Massoudi alikuwa ameifundisha shingo yake kusema uongo.

Gari lenyewe lilikuwa Pejo 504, ile ndefu yenye safu tatu za viti, rangi ya maziwa iliyokwisha kuwa rangi ya meno ya mzee. Alianza nalo likiwa jipya, akimwendeshea Mgiriki mmoja mwenye duka la vitambaa. Vita vilipoanza Mgiriki alifunga duka, akaweka funguo za gari juu ya meza, wakapeana mikono, akaenda zake uwanja wa ndege. Hapakuwa na karatasi wala shahidi. Enzi hizo mkono wa mtu ulikuwa hati tosha. Siku hizi watu wanatia sahihi mbele ya mihuri mitatu na kesho wanakanana.

Ila gari halijui habari ya heshima. Lilikuwa limechoka. Asubuhi lilitoa moshi wa buluu uliowafanya wanawake wa jirani wafunike sufuria. Lilikunywa oili kama mlevi wa urwagwa, ile pombe ya ndizi, na oili yenyewe, tangu nchi za jirani zifunge mipaka, ilikuwa ile ya chupa, imevushwa kutoka Uvira, ng'ambo ya ziwa, kwa njia ambazo hakuna aliyeuliza, nyeusi kabla haijaingia ndani. Gia ya pili iliruka yenyewe kwenye mpando, kwa hiyo Massoudi aliishika fimbo ya gia kwa mkono wa kulia njia nzima, na abiria walidhani ni mapozi ya dereva wa zamani.

Haya yote aliweza kuishi nayo. Kilichomkosesha usingizi kilikuwa mlio mmoja. Ulianza injini ikishapata moto, hasa ikiwa na mzigo: *ko, ko, ko*, mwepesi, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha, hataki jirani asikie. Mjini tambarare haukuwepo. Ukikanyaga ukaja, ukiachia ukaenda. Massoudi alifika mahali pa kuusikia hata akiwa msikitini amesujudu, hata mkewe alipokuwa akikatakata vitunguu.

Na kazi yake haikuwa ya mjini tambarare. Kazi yake ilikuwa kupeleka watu Gitega, na kwenda Gitega ni kupanda kwanza hadi Bugarama, kona juu ya kona, migomba huku na korongo kule, mpaka masikio yanaziba kwa baridi. Barabara hiyo wakati wa vita ilipandwa kwa msafara, lori la askari mbele na lori la askari nyuma. Sheria ya msafara ilikuwa moja, haikuandikwa popote na kila mtu aliijua: gari likizimika, linaachwa. Gélase, rafiki yake Massoudi, pikapu yake ilizimika kwenye kona fulani chini ya Bugarama, na msafara ukapita. Kilichofuata watu wa mtaa walikisimulia kwa kunyamaza.

Mtu wa mbali atauliza: basi kwa nini asiifungue injini akaitengeneza? Atauliza hivyo asiyejua mipaka ilivyofungwa. Kufungua injini ni kazi ya asubuhi moja. Kuifunga kunataka vipande, na vipande havikuwepo. Katika ua wa gereji ya fundi Huseni yalikuwepo magari yaliyofunguliwa vikwazo vilipoanza, kwa haraka, wenyewe wakiamini mambo yataisha wiki ijayo. Sasa yamekaa juu ya mawe, na kuku wa Waridi, mkewe Huseni, wanatagia mahali palipokuwa na betri. Ndiyo maana Massoudi alikuwa na hofu mbili zilizokaa pamoja kama wake wenza. Akiifungua, gari limekufa mjini na nyumba yake imekosa chakula. Asipoifungua, litakufa mlimani, nalo likiwa limebeba watu.

Zamani palikuwa na njia ya kukata shauri la namna hii, na ni vizuri ielezwe, maana waliobaki wanaoijua wanahesabika.

Mafundi wa Buyenzi walikuwa na desturi: fundi ndiye abiria wa kwanza. Akishafunga injini, au mwenye gari akiwa na mashaka naye fundi akamwambia bado ina nguvu, hakuna aliyeamini maneno. Fundi aliingia kiti cha mbele, wakapanda hadi Bugarama. Njiani dereva hakuwa na kauli. Fundi akisema punguza, unapunguza. Akisema geuza, unageuza, hata kama nyuma umempakia gavana. Wakifika juu salama walikula nyama ya kuchoma, na fundi alinunua kabichi, zile kubwa za Bugarama zenye umande, akarudi nazo kwake. Mtaa haukuuliza kama gari limepona. Uliuliza, "Kabichi imefika?" Neno la fundi lilikuwa mwili wake mwenyewe. Leo kijana anakukabidhi funguo kupitia dirishani, huku jicho lake likitafuta njia ya kukukwepa kesho.

Vita vilipoifanya ile barabara kuwa barabara ya kupotezea roho, desturi ikakatika. Hakuna aliyetangaza. Mafundi waliacha tu kupanda, na madereva waliona aibu kuwauliza.

Siku ile ya taa nyekundu, Massoudi alipofika nyumbani alimkuta Consolée, mjane wa Gélase, ameketi kwenye kibao mlangoni, mkoba mapajani. Alikuwa anatoka Kamenge kwa miguu, viatu vimejaa vumbi.

"Baba Lubna," alisema hata kabla ya salamu kwisha, "masista wa Gitega wanafunga shule. Orlane yuko kule peke yake. Wametuma mutu: kila muzazi akuje achukue mutoto wake. Msafara ni kesho kutwa."

Massoudi alivua kofia, akaivaa tena. "Darius iko na Hiace nzuri, Mama Orlane. Yeye atakufikisha—"

"Darius anaendeshaka na muziki. Kitu ikilia mu gari atasikia nini?" Akamtazama usoni. "Mi sitafuti gari. Magari iko mingi. Natafuta mutu. Kwa ile barabara napanda na we, ama sipandi."

Hapo angemwambia. Neno lilifika kwenye meno: gari langu linagonga. Lakini mwanamke aliyemzika mume kwa sababu ya gari lililozimika anaambiwaje kwamba gari analolitegemea huenda likazimika? Akasema, "Inshallah," na alipoisikia sauti yake mwenyewe akaona amelitumia jina la Mungu kama watu wanavyotumia pazia.

Hakuingia ndani hata kunywa maji. Alikwenda moja kwa moja kwa Huseni.

Huseni alikuwa mzee mfupi, kidole kimoja cha mkono wa kushoto kililiwa na feni ya lori wakati wa wafalme. Aliiacha injini ingurume mpaka ikapata moto, akamwambia Massoudi akanyage mpaka ule mlio ukaja, akaweka bisibisi ndefu juu ya chuma na mpini wake sikioni, akafumba macho. Kisha akaanza kuchomoa nyaya za plagi, mmoja mmoja, akiurudisha kabla ya kuchomoa mwingine. Alipochomoa mmoja wa katikati, ule mlio ulififia. Akaurudisha, ukarudi.

"Anakaa hapa," alisema, kama anayetaja chumba cha mpangaji. "Iko mudogo bado."

"Mudogo namna gani?"

"Inaweza kwenda mwaka. Inaweza kwenda mpaka Gikungu hapa karibu tu, ikufe."

"Tuifungue?"

Huseni alinyoosha kidevu kuelekea magari ya juu ya mawe. Kuku mmoja alitoka kwenye boneti akilalamika. "Nikifungua, nitafunga na nini? Na mayai?"

"Basi tusifungue."

"Sikusema hivyo."

"Sema basi, fundi! Unasema nini?"

"Nasema sijui." Alizima injini. Ua ukawa kimya kwa namna iliyomtisha Massoudi kuliko ule mlio. "Zamani nilijuaka, kwa sababu nilikuwa napanda nayo. Hapa chini sikio linadanganywa. Moteri inasema kweli ikiona mulima mbele yake."

Massoudi aliinamisha kichwa. Jambo alilolisema baadaye hakuwa amelikusudia. "Basi panda, kaka."

Waridi, aliyekuwa akianika mihogo ukutani, aliacha mikono hewani.

Huseni alichukua kitambaa akaanza kupangusa vidole vyake, kimoja kimoja, pamoja na pale palipokuwa hapana kidole. "Wakati huu?"

"Unaogopa moteri, ama unaogopa mulima?"

Mzee alikaa juu ya gurudumu. "Ngoja nikuambie kitu, Massoudi. Nikisema naogopa mulima, utaenda. Nikisema naogopa moteri, hutaenda. Na mi mwenyewe nikijisikiliza, siwezi kuzitenganisha. Zamani fundi akikataa kupanda, kila mutu alijua ni moteri. Sasa wote tunakataa. Hata kukataa kwetu hakusemi kitu tena."

Hiyo ndiyo hasara ambayo hakuna redio iliyowahi kuitangaza. Vita viliharibu madaraja na nyumba, na watu waliyaandika hayo. Lakini viliharibu pia kipimo. Watu wawili waliojuana tangu utotoni walisimama mbele ya injini moja, na hapakuwa na njia ya mmoja kumpa mwenzake ukweli.

Kesho yake Massoudi alijaza mifuko ya mchanga nyuma ya gari akapanda nayo Kiriri, kule kwenye majumba ya wakubwa, mara moja na tena, mpaka askari wa kizuizi wakamuuliza anawapelekea nani mchanga. Injini iligonga kidogo, ikatulia. Gia ya pili iliruka, akaikamata. Kiriri haikumwambia lolote. Kiriri ni ngazi. Bugarama ni dari. Alirudi akamwaga mchanga, akajiambia kwamba gari limefaulu, na tumbo lake likamjibu kwamba halijafanya mtihani.

Asubuhi ya msafara magari yalijipanga ukingoni mwa mji, juu kidogo ya Kamenge, yakisubiri askari wamalize chai yao. Darius, kijana wa Hiace, alikuwa ameegemea mlango wake, muziki ukitoka ndani.

"Mzee Massoudi! Ile ni gari ama ni jiko ya makaa?"

"Ni jiko," alijibu Massoudi. "Mama yako anaiazima kila siku, hakuambiaka?"

Watu walicheka. Massoudi mwenyewe hakucheka. Alikuwa ameacha injini ikinguruma kwa kuogopa kuizima isije ikakataa kuwaka, na jicho lake halikubanduka kwenye ile taa. Ndani walikuwa Consolée, nyuma ya kiti chake, rozari mkononi. Watu wanne wengine waliokuwa wakirudi makwao. Na kiti cha mbele alikaa Cirimwami, mfanyabiashara mnene kutoka Bukavu, mzungumzaji, aliyeshika mapajani bahasha ya sandwichi.

Mlango wa mbele ukafunguliwa kwa nje. Alisimama Huseni, amevaa kanzu safi na koti juu yake, spana moja mfukoni, na mkononi kapu tupu la ukindu.

"Teremuka, bwana," alimwambia Cirimwami.

"Niteremuke? Mi nilikuja wa kwanza, tangu jua halijatoka!"

"Leo mbele ni ya fundi."

"Kwani gari inagonjwa?"

Swali hilo lilianguka katikati ya gari kama sahani. Massoudi alihisi macho ya Consolée kwenye shingo yake. Hakugeuka. Huseni ndiye aliyejibu, kwa upole: "Ni muzee, kama mimi. Muzee anasindikizwaka." Cirimwami alihamia nyuma akinung'unika kwamba katika nchi hii hata sandwichi haina usalama.

Massoudi alimtazama Huseni, kisha lile kapu. "Ya kabichi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Waridi ndiye amenipa. Amesema nikirudi mikono mitupu nilale gereji." Alifunga mlango, akautikisa kuona umefunga, akautikisa tena. Massoudi aliona na akafurahi kwa namna ya ajabu, kama mtu anayegundua kwamba si yeye peke yake mwenye homa.

Filimbi ikapigwa. Lori la mbele likaanza.

Mwanzo ulikwenda vyema. Mji ulishuka nyuma yao, ziwa likaonekana lote, bapa na jeupe, na milima ya Kongo ng'ambo yake. Huseni hakutazama lolote kati ya hayo. Alikuwa amevua kiatu kimoja, ameuweka unyayo wake sakafuni kwenye bati, macho amefumba. Abiria walidhani anaomba.

Nyumba zikaisha. Migomba ikaanza, minene, imeinamia barabara. Mazungumzo ya nyuma yalikoma yenyewe, hata Cirimwami alishika mkate bila kuuma. Kila kona Massoudi aliikata akitazama tairi za gari la mbele, na kila walipotoka kwenye kona alitazama kioo kuona kama lori la nyuma lipo. Lilikuwepo. Wao walikuwa karibu na mkia.

Mpando ukakaza. Gia ya pili ikaanza kusukuma kiganja chake, akaikaza. Na hapo, chini ya ngurumo, kikaja kile alichokuwa akikisubiri: *ko, ko.*

Alimtazama Huseni. Mzee hakufumbua macho. Akainua kiganja kidogo: punguza. Massoudi akapunguza. Mlio ukaenda. Gari la mbele likajitenga, urefu wa gari moja, kisha mbili. Lori la nyuma likapiga honi.

Akakanyaga tena kulifikia. *Ko, ko, ko, ko.* Safari hii si ukucha tena. Ni kifundo cha kidole. Taa nyekundu iliwaka akiwa amekanyaga, jambo ambalo haikuwahi kulifanya.

"Baba Lubna," alisema Consolée kutoka nyuma, polepole, "kitu gani inagonga?"

Huseni alifumbua macho. Aliinama, akaweka kiganja chake juu ya sakafu, karibu na gia, kama anayempima mtoto homa. Usoni pake hapakuwa tena na ile hofu ya asubuhi. Palikuwa na hofu nyingine, ya kazi, yenye anwani.

"Geuza," alisema.

"Fundi, tumebakiza—"

"Ni moteri, Massoudi. Sasa nimejua. Si mulima. Geuza."

"Hapa?" Cirimwami alipiga kelele. "Tugeuze hapa, tuache askari? Mumerogwa? Songa mbele, mutu wangu, songa!"

Massoudi aliona mambo mawili kwa wakati mmoja. Aliona kona za mbele alizozijua moja moja, na katika mojawapo pikapu ya Gélase. Na aliona mtoto ameketi juu ya sanduku lake kwenye lango la shule, akitazama kila gari linaloingia. Mguu wake ulibaki juu ya pedali. Desturi ilisema usibishe. Lakini desturi ilitungwa na watu ambao, wakigeuza, walipoteza nyama ya kuchoma tu.

"Mutoto wangu," alisema Consolée. Kisha akasikiliza, kwa mara ya kwanza kwa masikio yote, ule mlio uliokuwa sasa ukigonga kwenye miguu yao. Rozari ilikoma. "Ni hivi ya Gélase ililia?"

"Sikuwepo, mama," alisema Huseni. "Hakuna fundi aliyekuwepo."

Consolée alifunika uso kwa kitenge. "Basi geuza."

Palikuwa na upana kidogo mahali ambapo zamani wanawake waliuza stroberi na mahindi. Massoudi akaingiza gari pale, lori la nyuma likapita likiwa limepunguza mwendo, na askari mmoja akatoa kichwa: "Sisi hatusimami!" Huseni akampungia mkono kama anayeaga wageni. Ngurumo ya msafara ikapanda, ikageuka kona, ikawa ndogo, ikaisha. Massoudi akaligeuza gari polepole, uso ukielekea mjini.

"Zima kabisa," alisema Huseni. "Usiiguse tena, hata kwa gia. Ikizunguka tena itavunjika na kutoboa tumbo. Mulima umetupandisha, ututeremushe yeye mwenyewe."

Na hivyo walishuka bila injini. Ni jambo rahisi kulisema. Pejo lile, likiwa limezimwa, linapoteza usaidizi wa breki. Pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na dereva anaibana kwa mguu mzima mgongo ukiwa umekaza kwenye kiti. Massoudi aliibana hivyo, na Huseni aliishika breki ya mkono, akiivuta kidogo kila Massoudi aliposema "sasa". Hapakuwa na sauti isipokuwa tairi na upepo. Walisikia ndege. Walisikia maji yakianguka kwenye korongo, na mahali fulani ndani ya migomba mtu akikohoa, kikohozi kimoja, kisha kimya. Hakuna aliyegeuza kichwa kutazama. Gari lilipita kama kitu kilichosahaulika na mwenyewe, na kabla mwenye kikohozi hajaamua ni nini, lilikuwa limekwisha kukata kona.

Harufu ya breki ikaingia ndani, kali, ya kuungua. Pedali ikaanza kuzama.

"Tusimame zipoe," alisema Huseni.

"Hapa?"

"Hapa, ama chini ya korongo. Chagua."

Wakasimama. Moshi mweupe ulitoka kwenye magurudumu ya mbele. Walikaa ndani, midomo imekauka, na kila mmoja alichagua kitu cha kutazama: kioo, viatu, mgongo wa mwenzake. Bibi mmoja mwenye jembe begani akatokea kwenye kijia. Aliwatazama, akatazama barabara juu na chini kutafuta msafara, asiuone. Akakaribia dirisha la Consolée, akamwambia jambo kwa Kirundi, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, kisha akashika njia yake bila kugeuka.

"Amesema nini?" Cirimwami alinong'ona.

"Amesema hapa si pa kupumuzika."

Massoudi aliachia breki. Hakujua kama zimepoa. Alijua tu kwamba gari limeanza kuviringika, na kwamba mguu wake hauna hisia tena kuanzia gotini. Consolée alisali kwa sauti, Huseni alisoma aya kwa sauti, na Cirimwami, ambaye baadaye alikana, aliitikia wote wawili amina. Nyumba ya kwanza ya mji ilipotokea, yenye nguo zimeanikwa uani, mtu wa nyuma kabisa akaanza kulia.

Jioni hiyo habari ikafika mjini: msafara umeingia Gitega salama, hapakupigwa hata risasi. Mtaa mzima ukapata cha kucheka. Walisema wazee wawili waliogopa kivuli, wakawarudisha watu kwa kusikia tumbo la gari likinguruma. Darius, aliporudi, alilipeleka gumzo hilo mpaka Cibitoke. Massoudi alipita barabarani ameinamisha kichwa. Kilichomuuma si kicheko. Kilichomuuma ni kwamba huenda walisema kweli, kwamba Huseni labda alisema "ni moteri" kwa mdomo wa mtu anayeogopa mlima, na mtoto wa Gélase bado yuko langoni.

Kwa hiyo alisema, "Ifungue." Huseni alimuuliza kama anajua maana yake. Akasema anajua.

Walifanya kazi kutwa nzima, chali, chini ya gari. Sufuria ya oili iliposhuka, Huseni aliisogeza juani. Chini ya ule weusi palikuwa na vumbi la chuma linalometa, zuri kama kitu cha bibi harusi. Akafungua kiungo cha pistoni ile ya katikati, akatoa kile kibati chembamba kinachokaa kati ya chuma na chuma ili visilane. Au alitoa kilichobaki: kipande kama ganda la kitunguu, upande mmoja kimeyeyuka kabisa. Alikiweka katika kiganja cha Massoudi bila kusema. Na boliti moja ya kiungo hicho ilikatika alipoigusa kwa spana, kama ukuni mkavu.

Massoudi alikaa chini. Akakifunga kile kibati kwenye kitambaa, akakitia mfukoni.

Siku msafara uliofuata uliporudi, Consolée aliingia uani. Alikuwa amepanda na Darius, na muziki wake wote. Nyuma yake alisimama msichana mrefu, mwembamba, sanduku kichwani. Consolée alikuwa amebeba kitu kikubwa ndani ya kitenge. Alikifungua, akakiweka juu ya boneti: kabichi, ya kijani iliyopauka, matone bado yapo kwenye mikunjo.

"Tulisimama Bugarama kidogo," alisema. "Nimesikia ndivyo munafanyaka."

Huseni alitoka chini ya gari, uso mweusi kwa oili. "Hiyo ni ya gari yenye imefika, mama. Yetu haikufika."

"Yenu ilirudi," alisema Consolée. "Ya bwana yangu haikurudi."

Kisha akataka kuonyeshwa, na Massoudi akampa kile kibati. Alikigeuza juani, akampa bintiye naye akitazame, akakirudisha. Waridi aliichukua kabichi bila kuuliza yeyote, na punde harufu yake ikajaa uani.

Wakala pale pale, kwenye mkeka, kati ya vyuma. Massoudi alimega tonge, akasahau kulipeleka kinywani. Alikuwa akiitazama injini yake iliyo wazi, matundu yake yamefunikwa kwa matambara ili kuku wasiingie, akifikiri ni nani Uvira anayeweza kuwa na vibati vya namna ile, na kama mtu huyo bado yu hai, na kesho nyumbani watapika nini.

"Kula," Huseni alimwambia. "Inapoa."